Siku Mama Mkwe Alipokuja Kukagua Kazi

Ndugu yangu Musyimi alikuwa na shida moja tu: mke wake Ndunge alienda kwao kijijini Tulia wakati wa Krismasi, na mpaka Pasaka ikapita hajarudi. Hawakupigana. Hawakutukanana. Ndunge alienda kumsalimia mama yake, na wakiwa jikoni mama akamuuliza swali lililoharibu kila kitu.

"Kwani huyo bwana yako hufanya kazi gani?"

"Anaonyesha watu wanyama, mama. Kule Tsavo."

"Wanyama ya nani?"

"Ya serikali."

"Anawalisha?"

"Hapana."

"Anawapeleka dipu kuoshwa kupe?"

"Hapana, mama. Anawaonyesha tu."

Mama Ndunge, ambaye jina lake ni Kavindu na ambaye amefuga mbuzi maisha yake yote, aliweka mwiko chini. Akasema binti yake hatarudi nyumbani kwake Kilungu kukaa na mwanamume anayelipwa kutazama swara, mpaka yeye mwenyewe aende aione hiyo kazi kwa macho yake. Akiona ni kazi, Ndunge atarudi. Akiona si kazi, basi.

Mimi naitwa Mbula, dada mkubwa wa Musyimi. Nauza vitunguu na maembe pale Salama, kando ya barabara ya Mombasa. Tangu Ndunge aende, Musyimi alikuwa akila kwangu. Nampenda ndugu yangu, lakini mtu mzima anayekula kwako kila jioni huku akiguna kwamba "Ndunge huwa anaweka dania kwa mchuzi," huyo unamwombea mkewe arudi hata kwa kufunga. Kwa hivyo nilipopigiwa simu kwamba Mama Ndunge anakuja kukagua kazi, nilifurahi. Nilifurahi kabla ya kufikiri, kisha nikakumbuka nthoni.

Asiyekuwa Mkamba nitamweleza. Nthoni ni ile aibu ya heshima iliyopo kati ya mwanamume na mama ya mke wake. Hawatazamani usoni, hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatajani majina. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kichakani mpaka mwenzake apite. Vijana wengi wameiacha na wachungaji wanaihubiri kuwa mbaya, lakini Mama Ndunge, ingawa ameokoka na ndiye anayeanzisha nyimbo katika kwaya ya akina mama, husema wokovu ni wokovu na nthoni ni nthoni. Siku ya harusi ya binti yake aliketi nyuma ya nguzo ya kanisa. Picha zote za harusi ile zina nguzo.

Sasa ona mambo hayo. Mama anakuja kumwona mkwe wake akifanya kazi, na haruhusiwi kumwona mkwe wake.

Nilimwambia Musyimi amwombe mwenye lile gari la watalii analoendesha amtafutie mama dereva mwingine.

"Akibebwa na dereva mwingine," Musyimi akaniuliza, "ataona kazi ya nani?"

Tukachukua leso yangu kubwa ya maua, tukaifunga kwa kamba ndani ya gari nyuma ya kiti cha dereva, kutoka dirisha hadi dirisha. Kioo cha kutazamia nyuma Musyimi akakigeuza kikaangalia paa. Mimi nikapangiwa kiti cha mbele, pembeni mwake, kazi yangu ikiwa kutoa kichwa kupitia ukingo wa leso na kubeba maneno: ya mbele kuyapeleka nyuma, ya nyuma kuyaleta mbele. Vitunguu vyangu nikamwachia jirani.

Asubuhi ya safari, pale Salama, Mama Ndunge aliingia garini akiwa amefungua mwavuli mweusi na kuuelekeza upande wa dereva, kama mtu anayejikinga na mvua inayonyesha kwa ubavu. Musyimi alikuwa amejificha nyuma ya kibanda cha chai. Mama alipoketi nikapiga mluzi, naye Musyimi akaja mbio akiwa ameinamisha kichwa.

Nyuma pamoja na mama alikuwamo Hassan, mfanyabiashara wa nguo kutoka Kitui mjini. Yeye hakuhusika na ukoo wetu kwa lolote. Alikuwa amelipia kiti chake kama mteja yeyote, siku nzima ya kutazama wanyama, na alitaka jambo moja: picha ya simba ya kutundika dukani.

"Hii leso ni ya nini?" akauliza tulipoanza kuondoka.

"Ya heshima," nikamjibu.

"Na mimi nitaona mbele vipi?"

"Utatazama pembeni. Wanyama wako pembeni pia."

Hassan akaguna, akatulia. Tukateremka barabara ya Mombasa, tukapita Sultan Hamud, Emali na Kibwezi, mpaka tukafika langoni kule Mtito Andei. Musyimi akalipandisha paa la gari ili watu wasimame watazame nje. Kisha akakohoa, akatoa ile sauti yake ya kazi, ambayo ni nzito kidogo kuliko ya kula kwangu.

"Mbula, mwambie mama karibu mbugani. Asitoke kwa gari, asipige kelele, asitupe kitu nje."

Nikatoa kichwa nyuma ya leso. "Mama, dereva anasema karibu."

"Mwambie nimekaribia," Mama Ndunge akasema. "Aanze kazi."

Swara walikuwa wengi. Musyimi akasimamisha gari, akaeleza jinsi dume mmoja anavyolinda majike wengi. Mama Ndunge alisimama juu ya kiti, akachungulia, akaketi.

"Muulize alikuwa anajua hawa wako hapa?"

"Alikuwa anajua wako hapa hapa karibu," nikajibu mwenyewe.

"Nimesema muulize."

Nikamuuliza. Musyimi ni mtu wa kweli, na hilo ndilo tatizo lake. "Hapana," akasema. "Tumewakuta tu."

Mama Ndunge akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa. Tukawakuta twiga, tukawakuta pundamilia, tukakuta ndovu waliojipaka udongo mwekundu wakawa kama ukuta wa shule. Kila tulipokuta, mama aliuliza kama dereva alijua, na kila mara dereva hakujua. Baadaye Musyimi akasema sasa tunaenda kutafuta simba.

"Kutafuta?" Mama Ndunge akashika kifua. "Mbula, mwambie mimi nina mbuzi, na hata yule mwenye kupotea kila siku najua ako kwa shamba ya nani. Huyu anachunga wanyama na hajui wako wapi?"

"Mwambie mama simba hutembea."

"Na mbuzi imepandwa kwa mchanga?"

"Mwambie mama kama anajua waliko, aje ashike usukani."

Nikatoa kichwa. "Anasema swali lako ni zuri."

Hassan, aliyekuwa akisikia pande zote mbili, alicheka mpaka akashika tumbo. "Dada Mbula," akasema, "wewe serikali ikuweke ubalozini."

Tukazunguka, vumbi likaingia kila mahali, hata kwenye meno. Tulipompata simba hatimaye, alikuwa amelala chali chini ya mti miguu ikiwa juu. Hassan akapiga picha, lakini gari lilitikisika na upepo ukaipeperusha leso, akapata picha nzuri sana ya maua. Mama Ndunge alimtazama yule simba muda mrefu.

"Mwambie simba yake imekonda."

"Mwambie mama si yangu."

"Mwambie najua si yake. Ya kwake ni gani hapa ndani yote?"

Hapo Musyimi akawasha gari, akaondoka. Alikuwa amepiga pasi shati lake jana yake, amepaka viatu rangi, amekariri na majina ya ndege ambao hakuna aliyewaulizia. Nilimwonea huruma hadi nikataka kumrukia yule mama. Badala yake nikamwambia mama kwamba dereva anamshukuru kwa kuja. Hata hivyo Musyimi akajikaza kisabuni, akaendelea kueleza. Akatuonyesha nyayo za nyati barabarani, akasema mnyama wa kuogopwa si simba, ni nyati dume mzee aliyefukuzwa na kundi lake, kwa sababu huyo hana wa kumtuliza. Nikapeleka nyuma neno kwa neno. Mama Ndunge akasema nyati huyo angalau anamwelewa.

Mchana tukafika mahali wageni wanaporuhusiwa kushuka kula. Kuna meza chini ya miti, choo cha mawe, na mstari wa mawe yaliyopakwa chokaa ambao mtu haruhusiwi kuuvuka. Kwa kuwa mkwe na mama mkwe hawali pamoja, mama alikula ndani ya gari, na Musyimi akachukua chapati yake akaenda kuila mbali, akaketi juu ya jiwe. Ile heshima yote aliyokuwa nayo haikumkumbusha kuangalia jiwe lenyewe liko wapi. Lilikuwa mbele ya mlango wa choo.

Sasa mama mwenye nthoni ataingiaje chooni huku mkwe wake ameketi mbele yake na chapati? Hawezi. Hawezi hata kuniambia mimi niende nimhamishe, kwa maana mkwe atajua ni kwa nini anahamishwa. Mimi nilikuwa nimesinzia mezani na kipande cha kuku mkononi. Basi Mama Ndunge alishuka kimya kimya, akafungua mwavuli, akauvuka mstari wa mawe meupe, akateremka vichakani. Na kwa sababu ni mtu wa heshima sana, alienda mbali sana.

Niliamshwa na Musyimi. "Mbula, mama yuko wapi?"

Tukatazama. Kule chini, mbali kama kutoka kwangu hadi kanisani, juu ya vichaka, palionekana mwavuli mweusi umetulia. Na upande wa kulia wa mwavuli, chini ya mti, kitu nilichodhani ni mwamba kikainuka kikasimama.

Kilikuwa na pembe.

"Mama Ndunge!" nikapiga yowe. "Toka huko!"

Mwavuli ukashuka chini zaidi. Mwanamke aliyechuchumaa hataki kuitwa jina mbele za watu, na sioni kosa lake.

"Ingieni!" Musyimi akasema. Tukarukia garini, Hassan naye na soda yake. Musyimi akawasha, akashika usukani, akaanza kuelekea kule, na mara akakanyaga breki.

"Siwezi kwenda hivi," akasema. "Nikienda hivi nitamwona."

"Musyimi!"

"Hajavaa vizuri, Mbula! Ni mama ya mke wangu!"

Akaligeuza gari zima, akaanza kuteremka kinyumenyume. Leso ilimziba, kioo kilikuwa kinaangalia paa, naye akakataa katakata kutoa kichwa dirishani. Ikabidi Hassan apige magoti kwenye kiti cha nyuma na kumwongoza kama makanga anayeegesha basi stendi.

"Njoo! Njoo! Njoo! Kata kulia! Kuna shimo! Njoo! Ee Mola wangu, huyu mnyama anatuangalia! Njoo! Hapo! Wacha hapo!"

Gari likasimama. Mama Ndunge alikuwa upande wa kulia, amesimama sasa, mkono mmoja umeshika leso yake kiunoni na mwingine mwavuli. Nyati alikuwa upande wa kushoto na nyuma kidogo, anapumua. Mlango wa abiria uko kushoto.

"Hassan, fungua mlango!" nikasema.

"Huu upande wa ng'ombe? Dada, mimi nimelipa kukaa ndani."

Ukabaki mlango wa dereva. Musyimi akaufungua, akashuka akiwa amefumba macho, na ili mama apite bila kugusana naye, akasogea hadi nyuma ya gari, akampa mama mgongo. Ukimpa mama mgongo pale, unampa nyati uso. Ndivyo alivyosimama, macho wazi sasa, mikono imenyooka ubavuni, kati ya mama mkwe wake na yule mnyama.

"Panda, mama!" nikasema.

Mama Ndunge akashika mlango, akatazama kiti, akaganda. "Mbula, hii ni kiti yake."

"Ndiyo, mama, panda!"

"Siwezi kukalia kiti ya mkwe."

"Musyimi," nikaita, "anasema hawezi kukalia kiti chako!"

"Mwambie mama ni cha mwenye gari," Musyimi akajibu bila kugeuka.

"Anasema ni cha mwenye gari!"

"Lakini yeye ndiye hukikalia!"

"Jamani!" Hassan akalia huko nyuma. "Hata kesi ya shamba ina haraka kuliko hii!"

Nikavua sweta yangu, nikaitandika juu ya kiti. Mama Ndunge akafikiri kidogo, akaona sweta si kiti, akapanda. Lakini goti lake ni bovu, na mwavuli ulikuwa bado wazi, akakwama kati ya usukani na gia, hawezi kwenda mbele wala kurudi. Kiti cha dereva sasa kilikuwa kimejaa mama mkwe. Musyimi hakuwa na pa kuingilia.

Nyati akapiga kwato chini. Nikasikia sauti ya ndugu yangu kutoka nyuma ya gari, na ilikuwa ile nzito, ile ya kazi.

"Mbula, mwambie mama huyu ni nyati dume. Mzee. Aangalie pembe zimeungana katikati kama kofia. Masikio yana makovu. Yuko peke yake kwa sababu kundi limemfukuza."

Mimi, kwa mazoea ya siku nzima, nikageuka nikamwambia mama aliyekuwa ubavuni mwangu: "Anasema huyu ni nyati dume, mzee, kundi limemfukuza."

"Mwambie mama asiogope. Mtu hapaswi kukimbia. Akikimbia, anafuatwa."

"Anasema usiogope. Anasema mtu hapaswi..."

Mama Ndunge alikuwa ametoa kichwa dirishani anaangalia nyuma. Kwa mara ya kwanza tangu harusi alimwona mkwe wake, ingawa kwa kisogo: shati lililopigwa pasi, na mbele yake lile dubwana limeinamisha kichwa.

"Musyimi!" akapiga ukelele. "Musyimi, ingia kwa gari!"

Sikuwa na cha kupeleka, maneno yalikuwa yamekwenda yenyewe. Musyimi hakusogea hata kidogo.

"Mbula," akasema polepole, "mama anasema nini?"

"Usiulize Mbula!" Mama Ndunge akalia. "Ni wewe naongelesha! Kuja hapa, mtoto wangu! Kuja!"

Akaurusha ule mwavuli nje kwa nguvu zake zote. Nyati akautazama ukibingirika, akaona adui wa saizi yake, akaurukia. Musyimi akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mlangoni, na mama mkwe wake akamkamata kola, akamvuta ndani, naye akamwangukia mama magotini. Sijui Musyimi aliliondoaje gari. Najua tulipanda kule juu, mama amebanwa na gia, Musyimi ameketi nusu kwenye sweta yangu na nusu kwenye paja la mama, wote wawili wamefumba macho, na mimi nikisema kulia, kushoto, mti, mti!

Tulipovuka mawe meupe Musyimi akasimamisha gari, akashuka, akageukia mti. Mama akashuka, akaingia kwa mlango wa abiria, akaketi mahali pake nyuma ya leso. Hassan akamkaribisha kwa heshima zote na kumpa soda iliyobaki.

Tulianza kurudi. Hakuna aliyetazama mnyama mwingine, hata ndovu wawili waliosimama kando ya barabara kabisa.

"Nimeharibu," Musyimi akaninong'oneza. "Nimemfanya mama ya Ndunge ataje jina langu. Nimemkalia paja, Mbula. Ndunge harudi."

Sikumdanganya, kwa maana na mimi nilidhani hivyo hivyo. Tulipotoka langoni na kushika barabara kuu, mkono wa mama ukapita kwenye ukingo wa leso.

"Mbula, nipatie simu. Nipigie Ndunge."

Nikapiga, nikampa. Mama Ndunge huongea na simu kana kwamba anamwita mtu aliye ng'ambo ya bonde, kwa hivyo sote tulisikia.

"Ndunge! Ni mimi. Eeh, nimeona. Nimekaa siku yote nikiangalia. Hakuna kazi hapo."

Musyimi akapunguza mwendo.

"Hakuna kabisa. Wanyama wanajipeleka, wanajilaza, hata hajui wako wapi. Eeh. Ngoja nimalize. Leo kuna moja ilisimama mbele yake, hapo tu kama mlango ya jikoni. Na huyu mtu akasimama. Amenipatia mgongo kwa sababu nilikuwa sijafunga leso vizuri." Tukamsikia akipenga kamasi. "Angekufa, Ndunge. Angekufa tu hivyo, kwa heshima. Mtu kama huyo haachwi peke yake kwa nyumba. Funga vitu zako. Kesho nakuja, nikupeleke Kilungu mimi mwenyewe."

Musyimi alisogeza gari kando ya barabara, akalizima. Akashuka bila kusema neno, akaenda mbele ya gari, akatugeuzia mgongo. Malori ya Mombasa yalikuwa yakipita yakimpeperusha shati.

"Gari limeharibika?" Hassan akauliza.

"Hapana."

"Mbula," Mama Ndunge akasema nyuma ya leso, "huyo anafanya nini?"

"Analia, mama."

"Mwambie alie vizuri," mama akasema. "Mwambie tunamngoja."

Nikashuka kumwambia, na mimi pia nikachelewa kurudi.